Safu za Makaburi ya Pito

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya ardhi Sumbawanga, nilishika fimbo ya kupimia kwa mikono miwili. Upimaji sikuusomea. Nilijifunza kwa kubeba vyombo vya wengine na kusoma vitabu vyao walipokwenda kula, kwa hiyo niliogopa kosa kuliko nilivyowaogopa wakubwa. Nilipangiwa Mpui, kisha Wampembe, na kote huko nilichimbua bikoni, zile nguzo fupi za zege zinazoonyesha mpaka wa kiwanja, nikazisimika upya kwa tofauti ya upana wa kidole.

Niliporudishwa mjini, Mpima Mkuu alinipa eneo la makaburi huko Pito niligawe. Nikapanga safu zifuate barabara, kama viwanja vya nyumba. Ramani ilipendeza. Kabla haijasainiwa ukatokea msiba wa mkulima mmoja, na wachimbaji wakachimba kaburi mshazari, likakata safu ya vigingi nilivyopigilia, likielekea macheo.

Naona aibu kuandika haya. Jeneza lilikuwa limeshatuliwa, wanawake wanaimba, nami nikaingia kati na tepu. Nikawaambia wafukie, wachimbe upya kufuata barabara. Mchimbaji mmoja akaniuliza kwa upole kama nimekuja kuzika au kukagua. Mjane akainuka kwenye mkeka.

“Mwanangu, mume wangu atafufuka akitazama jua linakotokea. Ndivyo Mungu alivyopanga. Wewe unataka afufuke akitazama malori?”

Watu wakacheka, msibani. Sikuondoka, tepu ingali mkononi. Mpima Mkuu, aliyekuja kuzika kama wengine, akasogea na kung'oa kigingi changu kwa mkono wake.

“Barabara tumeichora sisi, tena juzi,” akasema. “Mpishe marehemu.”

Walipomaliza nilimwendea yule mama, nikamwamkia shikamoo, nikaanza kuomba radhi. Akaniambia nikale kwanza.

Wiki nzima nilichora upya, safu zote zikifuata lile kaburi. Kando ya barabara vikabaki vipembe vya ardhi visivyofaa kitu, na kila nilipopita hapo nilivihesabu.

Nilipostaafu, wenzangu waliitaja ramani ile kuwa safi kuliko zote nilizochora. Nikashukuru. Ninyi mnaopima leo kwa satelaiti nawaambia nisilowaambia wao: mstari wake wa kwanza uliwekwa na wachimbaji wawili, kwa macho na majembe, na mpaka leo sijauwekea dira kuona kama kweli unaelekea mashariki.