Yupo Nyuma, Mama

Nilivaa sare miaka kadhaa, mwanangu, lakini nakumbuka siku moja kuliko zote, na siku hiyo sikushika bunduki. Keshokutwa unaondoka kwenda kuwa kuruta. Mama yako ameshakufulia nguo mara mbili. Nisipokueleza leo, nitakufa nayo.

Tulikwenda vita vya Uganda wawili kutoka hapa Kinyala, mimi na Anyosisye. Tulichunga ng'ombe pamoja, tukaandikishwa pamoja. Yeye hakurudi. Kombora lilimpata asubuhi tukinywa chai, na macho yake niliyafumba kwa mikono yangu hii. Mimi nikaumia bega, nikapewa likizo.

Kwetu mwenye habari ya kifo hapiti kwa mfiwa. Huenda kwanza kwa wazee, nao ndio humwendea mama wa watu, wakae naye, wamshike. Nilijua hilo tangu mtoto. Lakini nilishuka kwenye basi mvua inanyesha, sare yangu imepigwa pasi, nikakata njia ya mkato kupitia shamba la mama Anyosisye ili nisilowe. Ndiyo, mwanangu, kwa ajili ya pasi. Nikamkuta anapalilia magimbi. Akatupa jembe, akanikumbatia na matope yake yote.

"Tata, baba yangu, umerudi! Mwenzako yuko wapi?"

"Yupo nyuma, mama. Anakuja."

Akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Siku ya tatu nikamweleza baba. Hakunigombeza. Alivaa koti, akachukua fimbo, akasema, "Twende. Utasema wewe mwenyewe, sisi wazee tutakuwepo." Nikamjibu kwamba naitwa kambini, basi litaniacha. Huo ulikuwa uongo wa pili, maana likizo yangu ilikuwa imebaki wiki nzima.

Nikapanda basi, wazee wakaenda bila mimi. Mtu akifia mbali na mwili usirudi, sisi huzika mgomba badala yake. Hukatwa, huvishwa nguo zake, hulazwa kaburini, watu wakalia wakamaliza. Mama Anyosisye alisimama mbele ya migomba yake na panga mkononi.

"Hamkati hapa! Rafiki yake kaniambia yupo nyuma. Nyie mlikuwa huko vitani?"

Barua ya jeshi ilipofika aliikataa. Kila wiki alivundika ndizi za mwanawe, zikaiva, zikaoza, akavundika nyingine.

Mwaka uliofuata niliacha jeshi, nikarudi nyumbani moja kwa moja. Nikaenda kwake, nikapiga magoti, nikasema yote. Alikuwa amekonda sana. Akaniinua kidevu.

"Tata, siku ile ulikuwa na uso huu huu. Leo nikuamini kwa nini?"

Kisha akanikaribisha ndizi. Nilikula, mwanangu, kwa sababu sikuweza kukataa. Zilikuwa za Anyosisye.

Alikufa akimsubiri. Siku tulipomzika nilikata mgomba mwenyewe, nikauvisha shati la rafiki yangu, nikaulaza kando ya mama yake. Nilikuwa na watoto wakubwa, nikalia mbele yao. Haikusaidia kitu. Aliyestahili kuona alikuwa ameshafunikwa udongo.

Kwenda jeshini sijutii, na wewe sikuzuii. Huko utapewa amri, zitii. Ila ukirudi na habari ya mwenzako, usikate njia. Nenda kwa wazee, kisha simama mbele ya mama yake useme kweli, hata akikulaani. Na kama ulimi umeshateleza, rudi siku ile ile, kabla hajavundika ndizi. Vitani niliogopa kama kila mtu, wala sioni aibu. Woga wa pale kwenye magimbi ndio unaonila mpaka leo.

Haya, njoo nikushike kichwa. Mungu akutangulie, akurudishe kwa miguu yako, na mwenzako arudi kwa yake. Na siku utakayoshuka kwenye basi pale Tukuyu, akujalie usiwe na mama wa kumkwepa.