Dakika Arobaini hadi Tabora

Masika ya mwaka ule mvua ilipiga mabati ya mtaa wetu wa Kashaulili, mjini Mpanda, kutwa nzima, na duka la baba lilinuka unyevu na vitenge vipya. Nilikuwa na miaka tisa. Dada yangu Zaituni, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa akichanja kuni uani, kibanzi kikaruka na kumwingia jicho la kushoto. Alipiga yowe moja lililonitisha. Daktari wa pale Mpanda alimtazama, akamwambia baba bila kuzunguka, "Mpelekeni Tabora kwa daktari wa macho. Akifika leo au kesho, jicho linaweza kupona. Mkichelewa, sahauni."

Barabara ya Tabora ilikuwa imekatwa na maji, na treni ilikuwa imeondoka jana yake. Baba akakumbuka ndege ndogo iliyotua asubuhi, iliyokodiwa na wageni waliotoka mbugani. Akambeba Zaituni mgongoni, mimi nikawafuata na mwavuli, tukakanyaga matope hadi kiwanjani. Ndege ilikuwa ipitie Tabora kujaza mafuta. Wageni walikuwa wanne na viti vilikuwa vinane. Niliviona kwa macho yangu, kimoja kimewekewa begi la kamera.

"Bwana mkubwa, nisaidie mtoto tu," baba alimwomba msimamizi wa safari. "Mdogo wangu yupo Tabora, atampokea."

"Mzee, hii ndege imekodiwa. Si gari la wagonjwa."

"Kwani ni mwendo gani kutoka hapa?"

"Dakika arobaini," alijibu kwa majivuno, akafunga mlango.

Wageni hawakuulizwa. Naamini wangekubali, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Tulifika Tabora siku ya nne, kwa treni, Zaituni akiwa na homa na kitambaa kilicholowa usaha. Wakaling'oa lile jicho. Mama alisema ni mipango ya Mungu. Nilimkatalia siku ile na ninamkatalia hadi leo: Mungu hakuufunga ule mlango. Aliyeufunga ni mtu, alikuwa na mkono, na mkono ule ungeweza kuufungua.

Siku hizi Mpanda ina ndege ya abiria ya kawaida, na watu hunishangaa ninapokasirika wao wakifurahia maendeleo. Mwezi uliopita nilisafiri nayo na Zaituni, ambaye sasa ni mwalimu kijijini Majimoto, kwenda harusini Tabora. Hakuwahi kupanda ndege. Aliomba kiti cha dirishani upande wa kulia, upande wa jicho lake zima, akatazama misitu ya Ugalla ikipita chini. Sikuwa nimemaliza chai yangu tuliposikia magurudumu yakigusa ardhi.

"Kumbe ni hapa tu?" aliniuliza, akicheka kama msichana.

Nilimfungulia mkanda wake nikiwa nimeuma meno, kwa sababu ningefungua kinywa ningepiga kelele mbele ya abiria wote.