Boti ya Kuloweka

Vita vilipoanza, malori yalikwenda kubeba askari, na maharage yetu yakabaki ghalani yanaliwa na wadudu. Ndipo mume wangu, mkulima wa Nyabusozi ambaye hata kijito alikivuka kwa kushika mkia wa ng'ombe, akaamua kwamba sisi ni watu wa ziwani, maharage tutayapeleka sokoni kwa boti. Mchuuzi mmoja wa samaki huko ufukweni alikuwa anahama, na alikuwa na boti ya mashine, ya faibaglasi, ile plastiki ngumu, kuukuu. Hakutaka noti. Noti tulikuwa nazo sote, sabuni ya kununua ndiyo hatukuiona. Alitaka ng'ombe wa maziwa.

Ng'ombe wa maziwa tulikuwa naye mmoja tu. Alikuwa wangu, nilipewa na baba nilipojifungua, na mwanangu mchanga aliishi kwa maziwa yake kwa sababu yangu yalikuwa yamekauka. Nikamwambia mume wangu hivyo. Akanijibu, "Mama watoto, wewe huoni mbali." Haya! Tukashika njia, yeye mbele na ndoto zake, mimi nyuma na mtoto mgongoni, ng'ombe na ndama katikati.

Boti yenyewe sasa! Imelazwa kwenye majani, rangi imebabuka, sakafu nyufa tupu. Nyuma, pale inapofungwa mashine, mbao ya ndani ilikuwa imeoza. Nilibonyeza, kidole kikazama. Mchuuzi akacheka. "Kazi ndogo hiyo, mama. Unapaka dawa yake, inashika." Dawa inapatikana wapi? Nairobi. Na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Petroli je? Tutapata vita vikiisha, akasema mume wangu.

Nikadhani yamekwisha, tunarudi nyumbani. Wapi! Mume wangu alikuwa fundi wa pombe ya ndizi, na kwetu mtumbwi wa kukamulia ndizi ukikauka ukapasuka, tunaujaza maji mpaka mti uvimbe na ufa ujifunge. Basi akapita kidole kwenye nyufa za boti, akatikisa kichwa kama daktari. "Imekauka tu hii. Tuiloweke."

Akaazima ndoo, akaanza kuchota maji ziwani na kuyamwaga ndani ya boti iliyo nchi kavu. Wavuvi, ambao kazi yao kila siku ni kuyatoa maji botini, waliacha nyavu wakaja kutazama. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza, "Baba watoto, umewahi kuona sahani ya plastiki ikavimba?" Akamwaga ndoo nyingine. Maji yalichuruzika nyuma, meusi, yananuka kiazi kilichooza, naye akasema, "Umeona? Imeanza kunywa."

Asubuhi boti ilikuwa tupu. Akaishika ndoo tena. Mchuuzi naye hakungoja tupatane, akaja na kibuyu, akachuchumaa chini ya ng'ombe wangu na kuanza kukamua, huku mwanangu analia njaa mgongoni. Hasira ilinipanda. Nilimpokonya kibuyu, nikamnywesha mtoto hapo hapo, nikafungua kamba ya ng'ombe, nikashika njia ya nyumbani.

"Subiri!" mume wangu akaita, maji magotini, ndoo mkononi. "Kesho itakuwa imejifunga!"

Sikugeuka.

Alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa, midomo imepasuka, hana boti wala ndoo. Akakaa mlangoni, akaniomba maziwa. Mtoto alikuwa ameshiba, amelala. Nikamwambia akakamue boti.