Aliyemlisha Mpinzani Wake Hadi Jumatatu

Saa kumi na mbili asubuhi, giza bado halijaondoka, Renae Skalitzky anapitisha mkono mmoja chini ya bega la bibi Eunice, mwingine chini ya nyonga, na kumgeuza taratibu aangalie dirishani.

"Mikono yako barafu tupu," Eunice analalamika.

"Na mdomo wako moto. Tunatoshana."

Bibi anacheka. Renae hacheki. Anamfunika blanketi, anasukuma kitoroli hadi chumba kinachofuata. Chumba cha mwisho wa korido, kilichokuwa cha mzee Delbert Wojahn, hukiacha mpaka amalize vingine vyote.

Renae ana miaka hamsini na minane. Ni mhudumu katika nyumba ya wazee ya mji wetu mdogo, kaskazini mwa Wisconsin. Anawaosha, anawalisha, anawavalisha soksi. Kwa kazi hiyo analipwa dola kumi na saba na nusu kwa saa. Kabla ya hapo yeye na mumewe, Gary, walifuga ng'ombe wa maziwa, hadi bei ya maziwa ilipowashinda wakauza wote kwa siku moja.

"Ng'ombe hawakuulizi unampigia nani kura," anasema. "Ndiyo maana nawakumbuka."

Mwaka wa uchaguzi wa rais, jimbo letu halina amani. Majimbo mengine yanajulikana mapema yataangukia wapi, kwa hiyo yanaachwa yalale. Sisi huamuliwa kwa kura chache, basi wagombea wanatushukia, na vijana kutoka mbali wanatugongea milango tukiwa mezani. Simu zinalia mchana kutwa. Hata wazee waliosahau majina ya watoto wao walipigiwa.

Delbert hakuwa amesahau kitu. Alikuwa na miaka tisini na mmoja, moyo umechoka, miguu imevimba, lakini ulimi mzima. Alikuwa wa chama kimoja, Renae wa chama kingine, na miaka minne yote aliyokaa pale walitaniana kila asubuhi.

"Mpinzani, leo umeniletea sumu gani?"

"Uji wa shayiri, Del. Sumu imepanda bei."

"Nitaumaliza, ili nipate nguvu ya kukufuta."

Kufutana ndilo lilikuwa neno lao. Kura yake ingeifuta ya Renae, ya Renae ingeifuta yake, wabaki sawa. "Wewe usiponiangusha, na mimi sikuangushi," mzee alikuwa akimwambia, na walipeana mkono juu ya hilo.

Mwezi Oktoba walikuja maofisa wawili, mmoja wa kila chama kama sheria inavyotaka, wakampa Delbert karatasi yake ya kura kitandani. Akapiga kura, bahasha ikafungwa. Renae alisimama mlangoni, kwa kuwa haruhusiwi hata kuigusa.

Lakini sheria yetu ina jambo moja zaidi. Mtu aliyepiga kura mapema akifa kabla ya siku yenyewe ya uchaguzi, ambayo ni Jumanne mwanzoni mwa Novemba, kura yake inawekwa kando, haihesabiwi. Delbert aliijua sheria hiyo kwa uchungu. Mkewe, Arlene, alifariki siku chache kabla ya uchaguzi uliotangulia, na kura yake ikawekwa kando.

"Nikifa Jumatatu, nimepiga kura bure," alimwambia Renae. "Nifikishe Jumanne. Baada ya hapo mnizike hata na soksi zenu za hospitali."

Daktari alikuwa ameshasema Novemba ni mbali. Renae hakumsikiliza. Wiki ya mwisho alimlisha kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu, akimbembeleza. Jumamosi na Jumapili, siku zake za mapumziko, alikuja vilevile bila malipo.

Gary alikasirika. "Unampa mtu uji ili aifute kura yako? Una akili timamu kweli?"

"Nilimwambia nilishapeana mkono," Renae anakumbuka.

Jumatatu alasiri Delbert alianza kupumua kwa kukatika. Binti yake wa pekee, Colleen, alikuwa njiani kutoka jimbo jirani, na barabara zilikuwa na barafu. Renae alikaa kitandani, akamshika mkono.

"Leo siku gani?" mzee aliuliza.

Akifika hapa katika mkasa huu, Renae anageukia kitoroli chake. Anakunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Nikamwambia Jumanne. Nikasema, 'Jumanne, Del. Vituo vimefunguliwa, foleni imefika barabarani.' Akafumbua macho. Akasema, 'Basi nimekufuta.' Akatabasamu yule mzee, we! Halafu akaenda."

Colleen alifika gizani. Alitaka kuwapigia ndugu kwanza, kwa hiyo kifo hakikutangazwa popote.

Kesho yake, baada ya zamu ya asubuhi, Renae alikwenda kupiga kura kwenye ukumbi wa mji. Kwetu, bahasha za waliopiga mapema hufunguliwa palepale, mbele ya watu. Msimamizi husoma jina kwa sauti, ili mwenye pingamizi aseme. Marlys Thorsgaard, aliyecheza karata na Delbert maisha yake yote, alikuwa akisoma huku akinywa kahawa.

"Delbert Wojahn," akasoma.

Hakukuwa na pingamizi. Marlys akashika kisu cha kufungulia bahasha. Ndani ya ukumbi ule mtu mmoja tu alijua, naye alikuwa kwenye foleni, koti lake bado lina harufu ya dawa ya kusafishia vyumba.

"Subiri, Marlys," Renae akasema. "Amefariki. Jana."

Kisu kikabaki hewani. Marlys akaanza kulia, na bahasha ikawekwa kando. Nyuma ya Renae mwanamume mmoja wa chama cha Delbert akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hata maiti hukuiacha ipoe!"

Kwa nini hakunyamaza? Nilimuuliza zaidi ya mara moja.

"Ingejulikana tu. Tangazo la msiba lingetoka, mtu angelinganisha tarehe, na Del angekuwa yule maiti wa Wisconsin aliyepiga kura. Jina lake lingetafunwa kwenye kila redio. Mtu mnyoofu vile! Afadhali watafune langu."

Na wamelitafuna. Mlango wa gari lake umechorwa kwa msumari kuanzia mbele hadi nyuma, na kuupaka rangi upya ni zaidi ya mshahara wa wiki, kwa hiyo analiendesha gari hivyohivyo. Kwenye mlo wa samaki wa kukaanga, ambao mji hula pamoja kila Ijumaa, watu wanahama meza akikaa. Kanisani, siku ya mazishi, Colleen alimwomba akae nje. Alikaa garini mpaka jeneza likatoka. Nani alichukua jimbo, msomaji anajua, na halijamsaidia Renae chochote.

Mimi ni wa mji huu, na naona aibu kwa niaba yetu.

Kuna jambo ambalo Renae hajamwambia mtu hadi sasa, hata Gary, ambaye atalisoma hapa pamoja nanyi. Foleni ilipomfikisha kwenye kibanda siku ile, alijaza kila sehemu ya karatasi yake: jaji, bunge la jimbo, kodi ya shule. Pale juu kabisa, penye rais, hakuweka alama.

"Tulikubaliana tufutane," anasema. "Yake ilikuwa imelala mezani. Ningeandikaje yangu?"

Namwambia wengi hawatamwamini.

"Wasiamini. Gary atapiga kelele mpaka Pasaka."

Anasimama mbele ya mlango wa mwisho wa korido. Ndani kuna mgeni, mzee aliyeletwa juzi, ambaye bado hasemi na yeyote. Renae anakoroga uji upoe. Namuuliza anatumaini nini sasa.

"Colleen bado analipokea gazeti lenu hili, alilokuwa akiletewa baba yake," anasema. "Andika kwamba hakufa anahangaika. Andika kwamba kwake yeye, ilikuwa Jumanne."

Kisha anasukuma mlango kwa nyonga, bakuli mkononi, na kumsalimu mgeni kwa jina.