Nilivyoomba kuazimwa fidla kwenye duara la madam wa Al Jaddaf

Wakuu, amani iwe kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Chumvi iliyopo ni ya jasho la Jebel Ali, hapa Dubai, ninakohesabu maboksi ghalani. Nahesabu mara mbili, ndiyo maana bado nina kazi.

Fidla nilijifunzia Tanga, kwenye kikundi cha taarabu cha mjomba. Yangu niliiacha nyumbani. Mwaka wa tatu huu vidole vinawasha.

Kamau, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, anapiga gitaa. Akaniambia Al Jaddaf kuna madam wa Kimarekani, kila Jumamosi alasiri watu wanakaa duara sebuleni kwake kupiga nyimbo za zamani za milimani kwao. Ana fidla ya ziada, na humwazima mtu akiona anafaa.

Nikaoga mara mbili. Jumamosi madam akanishikisha ile fidla ya ziada nijaribiwe humo duarani.

Wimbo wa kwanza una sehemu mbili, kila sehemu inapigwa mara mbili, halafu mnarudi mwanzo. Nikasema hawa ni watu wangu kabisa.

Raundi ya sita nikaona marudio yametosha. Nikakoleza kama harusini. Nilimwona madam kainua mguu, nikajua umekufa ganzi, nikafumba macho nikaendelea.

Kufumbua, napiga peke yangu.

"Buda," Kamau akaninong'oneza, "huku hakuna solo. Wote melody moja. Na madam akiinua mguu, hiyo ni raundi ya mwisho."

Zamu ya kuchagua wimbo inazunguka, ikanifikia. Wimbo wao niliojifunza kwenye simu ni mmoja tu, nao uko kwenye ufunguo wa G. Wao saa nzima wako D. Mzee wa banjo akaniangalia kama nimemwomba figo.

"Ukihama D, mimi naanza kukaza nyuzi upya."

Nikajaribu kupatana. "Nyinyi bakini D, mimi nipige G, tukutane katikati."

Hakucheka mtu. Fidla nikaiona inaondoka.

"Khalas, madam, basi. Zamu yangu ipite, nasikiliza."

Nikakaa. Wimbo nisioujua nikaufuata chinichini. Wakipumzika, sigusi hata uzi mmoja. Kwa Mtanga hiyo ni adhabu, wakuu.

Mwisho madam akanipa boksi la fidla. "Anayejua kuacha zamu ipite anafaa. Kaa nayo mpaka ujue nyimbo zetu kumi."

Nikamwomba ziwe ishirini. Akadhani ni bidii, akafurahi. Tukakubaliana kumi na tano.

Nilichojifunza: ukikaribishwa kwenye duara la watu, tanguliza masikio. Ufundi utaonekana tu.

Leo najua kumi na nne. Huo wa kumi na tano ni mgumu sana. Kamau anasema ndio rahisi kuliko zote, lakini Kamau hana fidla ya kurudisha.

Haya, wa taarabu, wa kwaya, wa bendi, nani aliwahi kuharibu shughuli ya wenyewe kama mimi? Funguka hapa chini. Ila mtu asinitumie video ya kufundisha huo wimbo.