Msasa wa Papa

Juzi, pale Wembley, nilimpita fundi akipiga msasa mlango wa duka, na ile harufu ya vumbi la mbao ikanirudisha kwenye meza yetu ya jikoni, kule Hayes, London, nilipokuwa mtoto.

Mzee jirani alikuwa ameleta bunduki yake ya shabaha, akakaa karibu nayo. Risasi zilikuwa zinakwenda upande kwa sababu mtutu uligusa mbao iliyoubeba. Papa, baba yangu, aliyekuwa seremala kule Bukavu, alikuwa ametoka kufagia uwanja wa ndege. Akaanza kusugua ile mbao pole pole.

Mama alisimama mlangoni. “Papa Neema, vitu hivyo si ndivyo tulivyovikimbia?”

Nilidhani bunduki ikipona, Papa atatuacha aende vitani.

Papa akapitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, akanigeukia mimi, binti yake. “Vuta, mama. Inapita?”

Ilipita. Nikasema imekwama. Papa akafikicha macho yake mekundu, akasugua tena, kidogo tu. Nilimdanganya hivyo mara tatu.

Leo najua mzee alilenga shabaha tu klabuni. Najua pia kwamba Papa aliiona karatasi ikipita. Lakini London ilikuwa imempa ufagio, na mchana ule alikuwa na msasa mkononi. Hakutaka kuuweka chini.