Dirisha la Mzee Gösta

Shemeji yangu alisema kwenye kikao cha familia, mbele ya watu, kwamba mimi kuwa muuguzi Ulaya ni sawa na ng'ombe kujifunza kuendesha baiskeli. Bosi wangu wa zamani kwenye zahanati naye akasema nitarudi Singida kabla ya mwaka kwisha, tena kwa nauli ya kuchangiwa. Wote wawili wako hai, nendeni mkawaulize. Leo leseni yangu ya Uswidi imetundikwa ukutani juu ya diploma yangu ya hapa nyumbani, na shemeji akiumwa tumbo anakuja kwangu na kupanga foleni kama wengine. Kujisifu nina haki nako, sitaficha. Lakini nayataja haya ili mjue kwamba anayewasimulia ni mtu wa vipimo na maandishi, hatishwi na vivuli. Ndipo mniamini nikiwaambia kwamba siku nane nilikaa kifungoni na maiti, huku nikijiandaa kwa mtihani.

Kule diploma ya nyumbani peke yake haikupi kazi ya uuguzi. Unajifunza lugha yao, unafanya mtihani wa maandishi, kisha mtihani wa vitendo ambapo wagonjwa ni madoli na watahini wamekaa pembeni na kalamu. Wa maandishi niliupasua mara ya kwanza. Wa vitendo ukaniangusha mara mbili, na barua ikaja kuniambia imebaki nafasi moja tu. Nikianguka hiyo, basi. Miaka minne imepotea, fedha za watu zimepotea, na shemeji anasubiri uwanja wa ndege na ng'ombe wake.

Nikingoja siku hiyo nilifanya kazi ya usaidizi katika makao ya wazee huko Farsta, pembeni mwa Stockholm: kulisha, kuogesha, kugeuza vitandani. Ndiko nilikokutana na Gösta. Alikuwa amepita miaka themanini, na maisha yake yote aliendesha treni za chini ya ardhi. Sasa, kule mzee wa umri ule unamwita kwa jina tupu, kama mtu mliyecheza naye mpira. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mzee Gösta.

"Mzee ni nini?" akaniuliza.

"Ni cheo."

"Kikubwa kuliko dereva?"

"Kikubwa zaidi."

Tangu siku hiyo ukimwita Gösta peke yake haitiki.

Nilikosa mtu wa kufanyia mazoezi. Siku moja baada ya kahawa ya mchana nikamwambia, "Mzee, nikopeshe mkono wako." Akakunja shati la usiku hadi juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono mwembamba, mweupe, wenye mishipa kama kamba za viatu. Ikawa desturi yetu. Napima presha, nahesabu mapigo, naeleza kwa Kiswidi kila ninachofanya. Na yeye alikuwa mtahini mkali kuliko wa serikali.

"Unaanza kushika kabla hujasema jina lako," ananiambia. "Mimi si gogo. Toka nje, uingie tena."

Natoka nje, naingia tena. Unafikiri nilichukia? Nilicheka. Lakini siku moja yeye hakucheka. Alinishika kidole akasema, "Mkono huu nimekukopesha, sijakupa. Nikifa, fungua dirisha. Ufungue wewe. Nimefanya kazi chini ya ardhi maisha yangu yote. Safari hii nataka kutokea juu."

Hiyo ni desturi ya wauguzi wa kule. Mtu akikata roho, wanafungua dirisha. Haiko kwenye mtaala, lakini nenda wodi yoyote utaikuta. Nikamjibu sawa, sawa, vile unavyomwambia mtoto anayeomba umnunulie ndege.

Zikiwa zimebaki siku nane kabla ya mtihani, Mzee Gösta akawa wa kuondoka. Pale mtu hafi peke yake, lazima mmoja akae naye. Nilijitolea. Kila mtu alinisifu kwa moyo wangu, na mimi nikanyamaza, kwa sababu ukweli ni kwamba chumba kile kilikuwa kimya na nilitaka mahali pa kusoma. Nilitandaza karatasi zangu juu ya blanketi lake, juu ya miguu yake. Ndiyo, juu ya miguu ya mtu anayekufa. Nimesema nitawaambia kweli.

Siku hiyo hiyo, saa nane na nusu mchana, aliingia Ulla, msaidizi mwenzangu, mama aliyefanya kazi pale tangu ujana wake. Akamgusa shingoni. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kitandani na sikujua kama pumzi imekatika. Ulla akafungua dirisha, akatoka kumwita muuguzi wa zamu.

Upepo wa Januari ukaingia. Karatasi zangu zikaruka, moja ikamwangukia Mzee usoni. Nikazikusanya haraka kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikafunga dirisha.

"Nani amefunga?" Ulla aliuliza aliporudi.

"Mimi. Baridi, Ulla. Tena mimi ni muuguzi mwenye diploma. Mambo ya roho kupita dirishani tuliwaachia bibi zetu."

Akanitazama, akazitazama karatasi. "Haya," akasema. "Basi ondoka naye wewe."

Saa kumi alasiri, kama kawaida ya Januari kule, jua limekwisha kuzama. Nikapanda treni, nikabadilisha treni kituo cha Slussen kuelekea Bredäng nilikopanga chumba. Baada ya kituo kimoja nikainua macho. Kwenye kiti cha mbele yangu alikuwa amekaa Mzee Gösta, miguu mitupu, shati la usiku, mkono mmoja umekunjwa hadi juu ya kiwiko. Alikuwa anaangalia giza la njia ya reli kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake.

Niliwaangalia abiria wengine. Ole wangu! Stockholm hakuna anayemtazama mtu kwenye treni. Utajuaje kama hawamwoni, au wana adabu tu? Niliposhuka, alishuka. Nilipofungua mlango wa chumba changu alikuwa amekwisha kukaa kitandani, mkono ameunyoosha.

Nilikwenda dirishani moja kwa moja. Sikuwa mjinga, nilijua anachotaka. Kitasa hakikugeuka. Nilivuta, nilisukuma, nilitukana kwa Kinyaturu. Hakikugeuka. Mwenye nyumba, Mama Furaha, mama wa Bukavu, alibisha akaingia na vikombe viwili vya chai.

"Mbona viwili?" nikamwuliza.

"Si muko wawili? Nasikia munapumua wawili."

"Niko peke yangu, Mama Furaha."

"Basi ule wa pili aniambie mwenyewe kama anatumia sukari." Akanusa. "Chumba yako haina hewa, ndugu yangu. Fungula dirisha." Akaenda mwenyewe, akaligusa kwa kidole kimoja, likafunguka pwaa. Pazia lilipepea. Lakini mimi, mita mbili pale, sikupata upepo hata kidogo, na Mzee hakusogea.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimefungwa. Nilitoka nje, nikatembea hadi ziwani. Watu walikuwa wamejikunyata, skafu zao zinapigwapigwa na upepo. Yangu ilining'inia tu kifuani kama iko kabatini. Nilikuwa nje na bado nilikuwa ndani ya chumba kile cha Farsta, na harufu yake ya kahawa na mafuta ya kujipaka. Mnajua kuvuta pumzi ambayo mtu mwingine amekwisha kuitumia? Siku nane nilivuta hiyo. Nilirudi Farsta kujaribu dirisha lenyewe. Kitasa kikagoma, mpaka Ulla akaja akalifungua, na bado sikupata upepo. Nilikula nikiwa na karatasi mkononi, nililala nikiwa nazo mkononi, nikijiambia nikishinda mtihani haya yote yatakwisha. Na kila nilipokariri vibaya, Mzee alitikisa kichwa na kuninyooshea kidole mlangoni: toka nje, uingie tena.

Siku ya mtihani mimi na Mzee tulipanda treni pamoja hadi Flemingsberg, unakofanyika mtihani.

Vituo viwili vya kwanza vya mtihani nilivipita vizuri, na sioni haya kusema vizuri sana. Cha tatu mtahini, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, alinipa karatasi za kujaza na kusema, "Mgonjwa wako amefariki dakika kumi zilizopita. Ndugu zake wako njiani. Jaza ulichofanya, usipoteze karatasi, maana ndizo tunazosahihisha. Anza."

Kitandani palitakiwa kuwa na doli. Alikuwa amelala Mzee Gösta.

Mama yule anaandika, saa ya ukutani inakwenda, na kifua changu kimebana kama mfuko uliofungwa mdomo. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema jina langu. Nilijitambulisha kwa maiti. "Mzee Gösta, ni mimi. Sasa nakufunga macho. Sasa nakuosha uso. Sasa nakunyoosha mkono, asante kwa mkono." Nikamwambia kila kitu kabla ya kukifanya. Kisha nikasema jambo ambalo haliko kwenye mtaala wowote: "Nisamehe kwa zile karatasi."

Nikaenda dirishani. Nikashika kitasa. Kikagoma. Pale ndipo nilipoona mkono wangu wa kushoto bado umezikumbatia karatasi za mtihani kifuani, kama siku ile, kama siku zote nane.

Nafasi ya mwisho. Miaka minne. Shemeji.

Nikaziachia. Nikashika kitasa kwa mikono miwili.

Dirisha lilifunguka, na upepo ukanipiga usoni hadi machozi yakanitoka. Karatasi zilinyanyuka zote, zikapita begani kwangu, zikatoka nje. Sikilizeni vizuri: zilitoka. Upepo unaingia, karatasi zinatoka. Na pamoja nazo kitu kilinipita sikioni, chepesi, kama mtu anayepanda haraka ngazi za kituo kwenda juu kwenye jua.

"Karatasi zako ziko nje kwenye theluji," mtahini alisema.

"Ndiyo."

Alivaa miwani yake. "Wengi wanakumbuka yote, wanasahau dirisha," akasema. "Nimekuona na nimekusikia. Nitaandika nilichokiona." Akaenda kitandani kulipanga doli kwa anayefuata, akasita. "Shati lake umelikunja wewe?"

Doli lilikuwa na mkono mmoja wa shati umekunjwa hadi juu ya kiwiko.

Barua ya kufaulu ilikuja baada ya wiki nyingi. Nikafanya kazi kule miaka kadhaa, nikarudi nyumbani na kufungua zahanati yangu. Lakini hadi leo siwezi kulala dirisha likiwa limefungwa. Mke wangu analalamika, mbu wanashangilia, chandarua tumenunua cha tatu. Na ninyi mnaosomea kazi hii, nawaonya: msishike karatasi mbele ya mtu anayeondoka. Akikuomba kitu kidogo, usikiite kidogo. Hutajua umefungiwa naye mpaka utoke nje ukose upepo.

Niliporudi niliwaita wote walionikopesha: mjomba, mwalimu wangu, majirani wawili, na Mama Furaha kwenye simu akicheka. Kila mmoja alipata chake, mkononi au kwa simu, hadharani, shemeji akiangalia. Mke wangu alileta chai akauliza kwa nini nimeagiza kikombe kimoja cha ziada. Nikakichukua, nikakiweka dirishani, nikafungua mabawa yote mawili.

Kahawa ya Mzee, bila sukari. Siku hiyo sikubaki na deni la mtu.